Mwaka wa Kupanda Mlima kwa Miwani

Asha alinipigia saa sita mchana, nikiwa kwenye chumba cha walimu na rundo la madaftari ya kusahihisha mbele yangu. Hatukuwa tumeongea kwa miaka mingi, kwa hiyo jina lake lilipotokea kwenye kioo cha simu nilijua kabla sijapokea kwamba si habari njema. Mama yake, Bi Tausi, alikuwa amefariki wiki tatu zilizopita, na walikuwa wanajiandaa na arobaini. Nilimpa pole, kisha akasema kilichomfanya apige. "Mwalimu, ile video ya mwanzo mliyompiga mama pale nyumbani, bado unayo? Picha tunazo tatu. Sauti hatuna. Unajua mama alikuwa na simu ya kitochi tu, hakuwahi kutuma hata voisi moja. Wanangu wadogo watakuja kusahau alivyokuwa anaongea." Nilimwambia nitaitafuta. Simu ilipokatika nilibaki na aibu ambayo sikuwahi kumweleza mtu, maana mimi ndiye niliyemwondoa Bi Tausi kwenye video ile, kwa mkono wangu, kipande baada ya kipande, nikiamini kwamba naifanya iwe bora.

Mwaka tulioipiga video hiyo nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nimemaliza ualimu wa jiografia, na kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya mwaka mmoja tu, Morogoro mjini, kwenye mradi mdogo wa kutengeneza ziara za kimasomo za kwenye simu. Kila nikiwaeleza watu walidhani natania, kwa hiyo naeleza tena hapa taratibu. Watoto wa shule za bondeni wanaamka kila siku wakiitazama Milima ya Uluguru. Wanafundishwa mvua za milimani, vyanzo vya mito, mteremko na mmomonyoko, na vyote hivyo vinaonekana kutoka dirishani kwao. Lakini kuwapandisha wanafunzi sabini kule juu, na basi, na ruhusa za wazazi, na mwalimu mmoja wa somo, ni jambo ambalo shule nyingi huliahirisha mpaka watoto wanamaliza. Sisi tulikuwa tunaushusha mlima uje darasani. Tulikuwa na kamera ndogo kama limau, yenye macho mawili, inayoona mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Unaisimamisha kwenye stendi, inapiga kila kitu kinachoizunguka. Baadaye mwanafunzi anavaa miwani ya kadibodi yenye simu ndani, na akigeuza shingo, mlima unageuka naye. Akitazama juu anaona mawingu, akitazama chini anaona udongo. Watoto waliita kazi hiyo kupanda mlima kwa miwani, na jina hilo likashika hata ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja Kilakala, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mstaafu, na meza yetu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti ya soda, bado una kitasa chake. Kila nilipoandika, kiwiko changu kiligonga kitasa. Kulikuwa na birika la umeme, feni iliyopiga kelele, na dirisha ambalo asubuhi lilijaa mlima wote na saa nne lilikuwa limejaa ukungu. Tulikuwa wawili. Mwenzangu, Shabani, alikuwa kijana wa Msamvu aliyejifunza kamera kwenye harusi, na alikuwa na utulivu ambao ulinikera. Alikuwa na uwezo wa kula chapati moja na maharage kwa nusu saa nzima, akitazama picha moja. Mimi nilikula nimesimama. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kusoma nje ya nchi na nasubiri jibu, na kwa sababu hiyo nilikataa kukaa mahali popote kama mtu anayekaa. Begi langu halikufunguliwa lote mwaka mzima, nilichomoa nguo moja moja kutoka chini ya kitanda. Jioni nilitembea Kilakala hadi mjini na kurudi, bila shughuli yoyote. Niliandika upya maelezo ya ziara moja mara saba. "Dada Vero," Shabani aliniambia siku moja bila kuinua macho, "wewe hata ukikaa unatembea. Hiki kitu kimetulia kinoma, kiache." Sikukiacha. Nikikumbuka sasa naona kwamba nilikuwa nafanya kazi inayodai kitu kimoja tu, kuwa mahali, na hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa sikiwezi.

Ugumu wa kamera ile ni kwamba haina nyuma. Mpigapicha wa kawaida anasimama nyuma ya kamera na hakuna anayemwona. Kwa kamera inayoona pande zote, ukisimama popote umo kwenye picha, kwa hiyo ukishabonyeza unakimbia kujificha, nyuma ya mgomba, nyuma ya ukuta, halafu unakaa kimya kabisa, maana nayo inasikia. Jambo la pili ni kumfanya mtoto atazame unapotaka. Darasani mwalimu ananyoosha kidole. Ndani ya miwani hakuna kidole. Unachoweza kutumia ni sauti: ukiweka sauti ya maji nyuma yake, atageuka kutafuta maji. Hatuwezi kuizuia shingo ya binadamu, ikisikia kitu nyuma inageuka. Nilikuwa mjuzi wa jambo hili, na nilijivunia. Nilipanga ziara nzima kwa masikio. Kwanza upepo kushoto, halafu jembe kulia, halafu kijito nyuma.

Nyumba ya Bi Tausi ilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu kutoka mwisho wa barabara. Tuliichagua kwa sababu uwanja wake uliona kila kitu nilichohitaji. Juu palikuwa na msitu, katikati mashamba ya ndizi na magimbi yaliyoshikilia mteremko kama yamebandikwa, chini kijito, na mbali kabisa bonde likiwaka jua hadi upande wa Kingolwira. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama yake, kama ilivyo desturi ya watu wa Uluguru, na Asha, binti yake mkubwa, aliishi nyumba ya pili hapo hapo. Siku ya kwanza tulifika tunahema, nikaanza moja kwa moja kueleza mradi. Bi Tausi alikuwa amekaa kizingitini anamenya magimbi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu kikiendelea, halafu akasema kwa sauti kubwa, "Marahaba!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimempita mama wa umri ule kwa maelezo ya kamera bila kumwamkia. Shabani aligeuza uso asicheke. "Shikamoo, mama," nikasema.

"Nimeshaitikia," akasema. "Nilikuwa nakusubiri, nikaona unachelewa, nikaitikia kabisa nisije nikasahau. Karibuni. Huyu kijana naye ni bubu?"

"Shikamoo, mama!" Shabani akasema haraka.

"Marahaba. Basi si bubu, ni mwoga tu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Yeyote aliyepita pale bila salamu, mkubwa kwa mdogo, aliitikiwa salamu ambayo hakuitoa, na hakuna aliyefanya kosa hilo mara mbili. Alitupatia magimbi ya kuchemsha na chai ya rangi yenye mdalasini, kwenye vikombe vya bati vilivyounguza midomo, na akauliza swali moja tu kuhusu kazi yetu. "Na mimi nitaonekana? Hao watoto wa bondeni watanisikia?" Nikasema ndiyo. Nilisema bila kufikiri, kama mtu anavyosema ndiyo akiwa ameshainuka kuondoka.

Kilichonishinda pale ni njia. Njia ya kwenda mjini inapita ukingoni mwa uwanja ule, na kwenye njia ile mtu hampiti mtu. Kina mama wanashuka na matenga ya ndizi kichwani, shingo zimekakamaa, na bado wanasimama na kusalimia, na salamu yenyewe ni ndefu. Nyumbani hawajambo? Watoto? Mvua huko kwenu juu imenyesha? Maharage yameshika? Na anayepanda anaulizwa habari za chini. Mto umechafuka? Vivukoni maji yamefika wapi? Kila tulipobonyeza kamera na kujificha nyuma ya ukuta wa jiko, dakika haikupita kabla mtu hajatokea njiani, akaona stendi peke yake uwanjani, akaona na visigino vyetu nyuma ya jiko, akatusalimia. Tusipojibu alisalimia tena kwa sauti zaidi. Mzee mmoja aliisalimia kamera yenyewe, akaizunguka, akaiuliza habari za ilikotoka. Shabani aling'ata mkono wa shati lake. Mimi nilikuwa nahesabu betri. Siku ya tatu nilimwendea Bi Tausi nikamwomba awaambie watu wapite njia ya chini kwa asubuhi mbili, na yeye na Asha wakae ndani tu, ili picha iwe safi. Alinitazama kidogo. "Safi," akarudia, kama anaonja neno. Kisha akawaambia, na watu wakapita chini, na tukapata asubuhi mbili za upepo, ndege na kijito, bila mtu hata mmoja. Vipande vya mwanzo, vyenye salamu, nilivifuta ofisini wiki hiyo hiyo nikigonga kiwiko kwenye kitasa.

Picha ilikuwa nzuri, siwezi kukana. Mkuu wetu wa mradi, mama mmoja mkali tuliyemwita Madam, aliivaa miwani akasema "Aisee" mara tatu, na Madam hakuwa mtu wa aisee. Tuliipeleka kuijaribu kwenye shule moja ya kata upande wa Kingolwira, kidato cha pili, miwani kumi kwa darasa la watoto sitini na nne. Vilio vya furaha, mikono hewani, madawati yakigongwa. Mvulana mmoja alikwepa jani la mgomba ambalo halikuwepo. Nilisimama mbele nikiwa nimeridhika, labda kwa mara ya kwanza mwaka ule, nikauliza kama kuna maswali. Msichana wa dawati la mbele alivua miwani taratibu, alama ya kadibodi imemkaa kwenye paji la uso.

"Mwalimu, hapa pana mtu anaishi?"

"Ndiyo, si umeona nyumba?"

"Nyumba nimeiona. Mtu sijamwona."

"Wamehama," mwenzake akasema.

"Wamekufa," akasema mwingine, darasa likacheka.

Yule msichana hakucheka. "Sisi mto wetu unakuja na matope. Mwalimu wetu ametufundisha matope yanatoka milimani, wanapolima. Sasa kama huko hakuna mtu, nani analima?" Nikaanza kueleza kuhusu mteremko na mvua, nikasikia sauti yangu inavyozunguka. Mwisho wa kipindi waliandika walichojifunza. Madaftari yale nayakumbuka kuliko vitabu vingi nilivyosoma baadaye. Karibu wote waliandika, kwa namna moja au nyingine, kwamba juu ya mlima ni kuzuri na ni kutupu.

Nilirudi kwa Bi Tausi mwezi wa kumi na moja, mvua ndogo zikiwa zimeanza, nimebeba miwani moja kwenye mfuko wa nailoni. Safari hii niliamkia tangu njiani. Aliifunga miwani juu ya kanga ya kichwani, akakaa kwenye kigoda katikati ya uwanja wake halisi na kuanza kugeuka. Asha alisimama mlangoni anachekelea. "Ee," Bi Tausi akasema. "Jiko lile. Kuku wangu yule, mwenye mkia mbovu, tulishamla. Mgomba ule." Aligeuka mzunguko mzima, polepole, akapapasa hewa kwa mkono. Akazunguka tena. Kisha akauliza, bado amevaa miwani, "Mimi niko wapi?"

Nilimweleza. Nilieleza vizuri, kama ninavyoweza kueleza. Nilisema kuhusu kelele na mtoto asiyejua atazame wapi, na jinsi picha inavyokatika mtu akipita karibu mno na kamera. Alinisikiliza mpaka mwisho kama siku ya kwanza. Akavua miwani, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake.

"Kumbe siku nikifa patakuwa hivi," akasema. "Jiko lipo, kuku yupo, mimi simo. Pazuri lakini." Na akacheka kweli, akampa Asha miwani aone. Hakukuwa na ukali wowote kwenye kicheko kile, na ndiyo maana kilinikaa.

Mvua ilitufungia jikoni mchana ule. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapanda kutoka mjini alijikinga nasi, na nikiwa nimekaa karibu na moshi na gimbi langu mkononi nikamsikia akisalimiana na Bi Tausi. Mto umechafuka? Umechafuka tangu jana, umekuwa mwekundu. Mwekundu wa upande gani? Wa kule walikofyeka juzi, si wa kwetu. Vivukoni? Maji ya goti. Basi watoto wasishuke kesho. Nilisikia somo zima la kidato cha pili, sababu na matokeo, juu na chini, na jibu la yule msichana wa Kingolwira, likipita kwenye midomo ya kina mama wawili kama habari za nyumbani. Kila asubuhi ya upigaji wetu nilikuwa nimejificha nyuma ya ukuta wa jiko hilo hilo nikisubiri salamu ziishe ili somo lianze.

"Nitarudi, mama," nikamwambia Bi Tausi. "Tutapiga upya. Wewe ukiwemo, na njia ikiwa na watu."

"Lini?"

"Mwezi ujao, mvua zikipungua."

"Nitavaa kanga mpya," akasema.

Jibu la masomo likaja wiki mbili baadaye. Nilimweleza Madam kuhusu kupiga upya, akasema nina hoja, ila muda wa mradi umekwisha, na kama napenda niende siku zangu za mapumziko. Nilikuwa na siku kumi na moja. Zilitosha. Nilizitumia kukimbizana na pasipoti na kuaga watu ambao sikuwajua vizuri. Asubuhi ya kuondoka nilipanda basi nikatazama dirishani, mlima ulikuwa wazi wote, nikajiambia nitapanda nitakaporudi. Huwa nawaambia walimu vijana ninaowafundisha sasa kwamba kosa la picha tupu linasahihishika, unapanda tena, unapiga tena. Siwaambii kwamba mimi sikupanda tena.

Baada ya simu ya Asha nilisafiri hadi Morogoro. Shabani sasa ana duka la kutengeneza simu Msamvu, ana kitambi na miwani ya macho, na bado anakula taratibu. Nilimweleza. Alifuta mikono, akavuta droo, akatoa diski kuukuu iliyofungwa kwa raba. "Dada Vero, wewe ulikuwa unafuta, mimi sijawahi kufuta kitu maishani mwangu. Hata mke wangu analalamika." Ndani kulikuwa na folda aliyoiita Takataka. Zilikuwa zile sekunde thelathini thelathini alizokuwa akipiga kabla ya kila kipande, kupima sauti, ambazo mimi sikuwahi hata kuzifungua. Tulizipitia moja moja, nimesimama, mpaka akanisogezea kiti kwa mguu. Nikakaa. Nyingi zilikuwa kuku na upepo. Ya kumi na tisa tuliitazama mara mbili.

Siku ya arobaini nilipanda na wengine kwa ile njia, nikisalimia kila mtu, na nikajibiwa kwa urefu. Baada ya dua, watu wakila, nilimkalisha Asha kwenye kigoda uwanjani, nikaweka simu kwenye miwani mpya ya kadibodi, nikafungua sauti hadi mwisho. Wanawe walikaa miguuni pake. Nilimwambia tu kwamba ni fupi.

Kuku akalia. Asha akatazama mbele, jikoni, mgombani, akisubiri. Kisha nyayo zikasikika nyuma yake, na shingo yake ikageuka, na mwili wote ukageuka nayo juu ya kigoda.

"Nyie watu wa kamera, mko wapi?" ilisema sauti ya Bi Tausi. "Mmejificha wapi? Hata salamu hakuna?"

Baada ya maneno hayo pana kimya. Ni mimi, nyuma ya ukuta wa jiko, na miaka yangu ishirini na mitano, nimebana pumzi nisiharibu sauti. Nilikuwa nimekipima kimya kile dukani kwa Shabani, kina sekunde nne.

"Shikamoo, mama," Asha akasema, uso umeinuka ndani ya kadibodi.

"Shikamoo, mama," nami nikasema.

"Marahaba," akaitikia Bi Tausi. "Haya, njooni mle, magimbi yanapoa."